Zimwi liachwe limeze

Swali: Wajukuu wanakuja Mwanza kula Krismasi. Nataka kuwasimulia hadithi ya Kisukuma ya kijana Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, ila mama yao anasema zimwi linalomeza watu wote litawatisha. Nilipunguze makali? Bibi, Igoma.

Jibu: Shikamoo bibi. Liache limeze, bila hivyo hadithi haipo. Kaa sana pale Masala anapomletea mama yake panzi na kuuliza kama ndiye Shing'weng'we. Wajukuu waitikie "Siye!" kila anapoleta kiumbe kikubwa zaidi. Kupasua tumbo la zimwi ili watu watoke pita haraka, ila usimfiche bikizee aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya akatoka amefura badala ya kushukuru. Hapo watakusumbua kwa maswali. Kesho yake wapeleke makumbusho ya Bujora, Kisesa, wakaone ngoma za Wasukuma.