Ishara Inayoutia Moyo Makovu: Funzo Kutoka kwa Panya

Ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo husababishwa mara nyingi na kasoro katika jeni za protini zinazokaza misuli. Kasoro huwapo tangu kuzaliwa, ilhali moyo huweza kuonekana mzima kwa miaka mingi. Je, ni nini huendelea ndani yake wakati huo?

Watafiti walilichunguza swali hilo kwa panya waliobadilishwa jeni ili wawe na kasoro kama ya binadamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa ishara ya protini iitwayo TGF-beta huzidi, ikachochea seli zilizo kati ya nyuzi za misuli kuongezeka na kujenga kovu. Kovu hukakamaza moyo na huweza kuvuruga mapigo yake. Losartani, dawa ya shinikizo la damu inayopunguza ishara hiyo, iliwakinga panya walioanza kuitumia kabla misuli haijanenepa. Waliokwisha kuugua haikuwarudishia hali ya awali.

Kwa binadamu, utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 haukuona losartani ikipunguza unene wa moyo uliokwisha kuathirika. Mwaka 2021, valsartani, dawa ya jamii hiyohiyo, ilionekana kupunguza kasi ya ugonjwa kwa watu 178 waliokuwa katika hatua za mwanzo.

Basi wakati ni sehemu ya tiba. Mgonjwa akithibitika, wazazi, ndugu wa damu na watoto wake wapimwe moyo hata wasipohisi dalili. Dawa hizi zisitumiwe bila ushauri wa daktari, na mjamzito asizitumie.