SOMO: TATE MWENYE DESTURI ZAKE

Mama mupenzi, labda nyumbani kwenu kuko tate ambaye watu wanamushangaa. Haangalii mutu machoni. Anakimbia makelele ya matanga na ya ndoa. Kila siku kiti kile kile, sahani ile ile. Ukihamisha chungu chake, anakasirika siku nzima. Majirani wanasema polepole: "Yule ni mulozi." Leo tujifunze juu ya mutu kama huyu.

1. Ni kitu gani?

Inaweza kuwa usonji, ao otisimu. Si ulozi, si laana, na hauambukizi. Ni namna ubongo wa mutu uliumbika tangu tumboni. Hautokani na chanjo, wala na mama kukosa upendo. Muganga Leo Kanner aliandika juu ya watoto wa namna hii huko Marekani mwaka wa 1943. Wazee wengi walikomaa bila mutu kuwapima. Lakini muzee aliyekuwa sawa, kisha akabadilika sasa, umulete kwa muganga: hiyo ni jambo ingine.

2. Anasaidia namna gani?

Tuseme mutoto anaharisha, na wewe uko shambani. Pakiti za dawa ya kuharisha zimekwisha. Tate alifundishwa maji ya sukari na chumvi:

- maji safi, litre 1
- sukari, vijiko vidogo 6
- chumvi, nusu ya kijiko kidogo

Wengine wanakisia kwa mukono, na chumvi ikizidi inaweza kuua mutoto. Tate hakisii. Anachemusha maji, anayaacha yapoe, anasawazisha kila kijiko kwa kisu, anahesabu. Anamunywesha mutoto kidogo kidogo. Akitapika, anangoja dakika 10, anaanza tena, hachoki. Masaa 24 yakipita, anamwanga yaliyobaki, sababu aliambiwa hivyo. Desturi ile waliyoicheka njo inamulinda mutoto.

Lakini mutoto akiwa na damu mu choo, ao macho yameingia ndani, ao hawezi kunywa, kimbia naye hospitali.

3. Tumusaidie namna gani?

- Sema waziwazi. Usiseme "tia kidogo". Sema "vijiko 6".
- Kama kitu kitabadilika nyumbani, umwambie mbele.
- Makelele yakizidi, umwache akae peke yake.
- Wakimwita mulozi, simama upande wake. Mu inchi yetu wazee na watoto walikwisha kufukuzwa, hata kuuawa, juu ya neno hilo.

4. Angalia mutoto wako pia

Ana miezi 12 na haitiki jina lake? Ana miezi 18 na haonyeshi kitu kwa kidole? Umulete, tupime masikio kwanza. Hakuna dawa ya kuondoa usonji, lakini mutoto akifundishwa mapema, anaendelea vizuri zaidi.

MAULIZO

1. Mu litre 1 ya maji, sukari vijiko vingapi? Chumvi je?
2. Nyumbani kwenu ni nani wanayemucheka? Anajua kufanya kazi gani bila kukosa?