Mada ya 9: Kurekodi na Kuchanganya Wimbo wa Jazi Nyumbani

Malengo ya mada

Baada ya kupitia mada hii, uweze:

(a) kueleza maana ya kava na haki zinazohusika;
(b) kuandaa chumba cha kawaida kwa ajili ya kurekodi;
(c) kurekodi kundi dogo la jazi kwa vifaa vichache;
(d) kuchanganya treki kwa mpangilio unaoeleweka na kutoa sababu za kila hatua;
(e) kukokotoa muda wa wimbo, ukubwa wa faili na athari za umbali wa maikrofoni.

Maneno ya msingi

*Kava*: wimbo uliotungwa na mtu mwingine, unaopigwa upya na mwanamuziki kwa namna yake.

*Kipimo*: fungu moja la mapigo. Katika karatasi ya muziki vipimo hutenganishwa kwa mistari ya wima.

*Mzunguko*: kupitia umbo lote la wimbo mara moja, kuanzia kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Mpiga solo wa jazi hubuni melodia mpya papo hapo juu ya mzunguko huo.

*Treki*: sauti ya ala moja iliyohifadhiwa peke yake ndani ya programu ya kurekodi.

*Kuvuja kwa sauti*: sauti ya ala moja kuingia katika maikrofoni ya ala nyingine.

*Kuchanganya*: kuziweka treki pamoja kwa ukubwa, mahali na rangi ya sauti inayofaa ili zisikike kama wimbo mmoja.

9.1 Wazo kuu la mada

Mchanganyo mzuri wa jazi huanza kabla ya kitufe cha kurekodi kubonyezwa. Katika jazi wapigaji husikilizana na kujibizana. Mpiga besi husukuma, mpiga kinanda hunyamaza kidogo, saksafoni huingia taratibu kisha hupanda. Kupanda na kushuka huko ni sehemu ya maana ya wimbo. Ikiwa hakukuwepo wakati wa kupiga, hakuna programu itakayokuleta baadaye. Mtahiniwa anayeorodhesha vifaa bila kuligusa jambo hili hupata alama chache hata kama majina ya vifaa ni sahihi.

Historia inaunga mkono hoja hii. Rudy Van Gelder, fundi wa sauti wa Marekani, alirekodi albamu nyingi za jazi katika sebule ya nyumba ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, kabla ya kuhamia studio mpya mwaka 1959. Wakati huo mchana alifanya kazi ya kupima macho. Mwaka 1958, katika nyumba hiyo, Cannonball Adderley alirekodi albamu ya *Somethin' Else* pamoja na Miles Davis, Hank Jones, Sam Jones na Art Blakey. Walipiga pamoja chumbani, na uwiano wa sauti ulitegemea mahali walipokaa, maikrofoni zilipowekwa na jinsi walivyosikilizana. Nyumba ya kawaida si kikwazo. Kikwazo ni maandalizi duni.

9.2 Wimbo wa mfano: *Autumn Leaves*

Katika mada hii tutatumia *Autumn Leaves*, ambao pia umo katika albamu iliyotajwa hapo juu. Asili yake ni wimbo wa Kifaransa, *Les Feuilles mortes*. Muziki ulitungwa na Joseph Kosma mwaka 1945, mashairi ya Kifaransa yakaandikwa na Jacques Prévert, na ya Kiingereza na Johnny Mercer. Unafaa kwa wanaoanza kwa sababu umbo lake ni wazi: vipimo 32 vilivyogawanywa katika sehemu nne za vipimo 8, kwa mpangilio wa AABC.

Kumbuka ufunguo. Kundi likipiga katika G ndogo, saksafoni ya alto husoma katika E ndogo, na ya tena husoma katika A ndogo. Swali hili hutokea mara kwa mara.

*Haki.* Tofautisha vitu viwili. Kwanza kuna haki ya *utunzi*, yaani melodia na maneno. Pili kuna haki ya *rekodi* fulani iliyofanywa na wasanii fulani. Unapopiga kava unatengeneza rekodi yako mpya, lakini utunzi unabaki wa wenyewe. Kujifunza na kupiga darasani ni jambo moja. Kuuza au kusambaza kava kwa umma huhitaji idhini ya wenye utunzi. Kwa maelekezo, Tanzania kuna COSOTA na Kenya kuna KECOBO.

9.3 Kuandaa chumba

1. *Piga makofi katikati ya chumba.* Ukisikia mlio mkali unaorukaruka, kuta tupu zinarudishiana sauti. Sogeza kochi, simamisha godoro nyuma ya mpigaji, tundika mablanketi mazito. Trei za mayai hazisaidii sana, wala hazizuii kelele za jirani.

2. *Epuka pembe za chumba.* Sauti nzito hujikusanya pembeni, nayo blanketi hainyonyi sauti za chini kama inavyonyonya za juu. Mpigaji akae mbali kidogo na ukuta.

3. *Ondoa kelele.* Zima feni na friji, na uiwashe friji tena mkimaliza. Weka simu katika hali ya kimya na mbali na nyaya. Nyumba ya mabati hairekodiwi mvua ikinyesha. Chagua saa ambayo mtaa umetulia.

4. *Rekodi sekunde 20 za ukimya.* Zisikilize kwa hedifoni. Mvumo wowote utakaousikia sasa utazidi kusikika treki zikijumlishwa.

9.4 Kurekodi

Tuseme mna saksafoni ya alto, kinanda cha umeme, gitaa la besi na ngoma ndogo ya kupigwa kwa brashi za waya. Kifaa chenu ni kompyuta moja, programu ya bure kama Audacity, na kadi ya sauti yenye matundu 2 tu ya kuingizia. Ala ni nne, matundu ni mawili. Mtafanyaje?

Wengi hurekodi mmoja mmoja. Treki hutoka safi, lakini mazungumzo baina ya ala hufa. Linganisha njia tatu:

| Njia | Faida | Hasara |
|---|---|---|
| Mmoja mmoja | Hakuna kuvuja. Kosa hurekebishwa kirahisi | Wapigaji hawajibizani. Wimbo huwa mkavu |
| Wote kwa pamoja, maikrofoni 1 | Uhai mwingi | Uwiano haubadilishiki baadaye |
| Jozi kwa jozi | Uhai unabaki. Kila ala ina treki yake | Huhitaji mpango na mazoezi |

Njia ya tatu ndiyo inayopendekezwa.

*Jozi ya kwanza: besi na kinanda.* Zote huchomekwa moja kwa moja kwenye kadi kwa waya. Mpiga saksafoni asimame nao na apige melodia kwa sauti ya chini kuwaongoza. Kwa kuwa hakuna maikrofoni iliyowashwa, sauti yake haiingii kwenye treki, lakini wenzake wanamsikia na kumjibu. Metronomu isikike kwenye hedifoni tu, nayo iwekwe nusu ya mwendo ili igonge pigo la 2 na la 4. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, weka 60. Hivyo wapigaji hubeba swingi wenyewe badala ya kuburutwa na mashine.

*Jozi ya pili: saksafoni na ngoma.* Hawa hupiga huku wakisikiliza jozi ya kwanza kwenye hedifoni. Maikrofoni ya saksafoni iwe umbali wa sm 40, ikielekezwa kati ya mdomo wa ala na vitufe. Sauti ya saksafoni hutoka pia kwenye matundu ya mwilini, si mdomoni tu. Maikrofoni ya ngoma iwe mbali na ya saksafoni angalau mara tatu ya umbali huo, yaani m 1.2. Hii huitwa *kanuni ya tatu kwa moja*.

*Kiwango cha kuingiza sauti.* Mwambie kila mpigaji apige sehemu yake yenye nguvu kuliko zote, kisha rekebisha ili kilele kifike karibu na desibeli −10. Sauti ikigonga 0 hupasuka, na mpasuko hauondoki kabisa. Tumia biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde.

Rekodini mara tatu mfululizo, kila mara wimbo mzima. Chagueni moja yenye moyo, hata kama ina noti moja iliyoteleza.

9.5 Kuchanganya

Fuata mpangilio huu. Katika kila hatua, jiulize kwanza kama tatizo lingeweza kutatuliwa kwa kupiga tena.

*Hatua ya 1: Ukubwa wa sauti.* Shusha treki zote. Inua besi kwanza, kisha ngoma hadi zishikane, halafu kinanda, mwisho saksafoni. Usiguse kifaa kingine chochote mpaka wimbo ueleweke kwa uwiano huu peke yake.

*Hatua ya 2: Mahali.* Saksafoni na besi zibaki katikati. Kinanda kisogee kidogo kushoto, ngoma kidogo kulia, kana kwamba msikilizaji ameketi mbele ya kundi.

*Hatua ya 3: Ikwalaiza.* Kata zaidi, ongeza kidogo. Noti ya chini kabisa ya saksafoni ya alto ni karibu Hz 139, hivyo unaweza kukata mivumo iliyo chini ya Hz 100 katika treki yake bila hasara. Usifanye hivyo kwenye besi, kwani waya wake mzito hutoa noti ya Hz 41. Mkono wa kushoto wa kinanda ukigongana na besi, punguza kinanda chini ya Hz 150. Dawa iliyo bora zaidi ni mpiga kinanda kumwachia besi noti za chini tangu mwanzo.

*Hatua ya 4: Kompresa.* Kifaa hiki hupunguza sauti inayovuka kizingiti. Kwa uwiano wa 3:1, sauti iliyovuka kwa desibeli 6 hutoka ikiwa imevuka kwa 2 tu. Katika jazi itumike kwa uangalifu, kwani ikizidi hulainisha milima na mabonde yote. Solo inapozama, ni afadhali kuinua kitelezo kwa mkono mahali hapo tu.

*Hatua ya 5: Mwangwi wa chumba.* Tumia mwangwi mmoja kwa ala zote, kwa viwango tofauti. Kila ala ikiwa na mwangwi wake, kundi husikika kama limetawanyika vyumba vinne.

*Hatua ya 6: Ukaguzi.* Sikiliza kwa hedifoni, kwa spika ya simu na kwa redio ya nyumbani. Linganisha na rekodi ya jazi unayoiamini, zote zikiwa na ukubwa sawa wa sauti. Pumzika usiku mmoja kabla ya kutoa faili ya mwisho, na kilele chake kisivuke desibeli −1.

9.6 Mifano ya hesabu

*Mfano 1.* Wimbo una utangulizi wa vipimo 8, mzunguko 1 wa melodia, mizunguko 2 ya solo, mzunguko 1 wa melodia na hitimisho la vipimo 8. Kila kipimo kina mapigo 4. Mwendo ni mapigo 120 kwa dakika. Tafuta muda wake.

Vipimo: 8 + 32 + 64 + 32 + 8 = 144
Mapigo: 144 × 4 = 576
Muda: 576 ÷ 120 = dakika 4.8 = dakika 4 na sekunde 48

*Mfano 2.* Tafuta ukubwa wa treki 4 za wimbo huo kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde.

Biti 24 = baiti 3
Baiti kwa sekunde: 48,000 × 3 = 144,000
Treki moja: 144,000 × 288 = 41,472,000
Treki nne: 165,888,000, yaani takribani megabaiti 166

*Mfano 3.* Saksafoni iko m 0.40 kutoka maikrofoni yake na m 1.25 kutoka maikrofoni ya ngoma. Kasi ya sauti ni m 340 kwa sekunde. Ni masafa gani ya kwanza yatakayodhoofika treki hizo zikijumlishwa?

Tofauti ya umbali: 1.25 − 0.40 = m 0.85
Ucheleweshaji: 0.85 ÷ 340 = sekunde 0.0025
Masafa: 1 ÷ (2 × 0.0025) = Hz 200

*Maelezo:* Katika Hz 200 wimbi lililochelewa hufika likiwa kinyume na la kwanza, hivyo yanapunguzana. Kwa kuwa maikrofoni ya ngoma iko mbali mara tatu, sauti ya saksafoni inayovuja humo ni dhaifu kwa karibu desibeli 10, na madhara huwa madogo. Hiyo ndiyo sababu ya kanuni ya tatu kwa moja.

9.7 Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kuandika kuwa "kuchanganya hurekebisha makosa yote ya kurekodi".
- Kuchanganya haki ya utunzi na haki ya rekodi.
- Kutaja kifaa bila kueleza kazi yake katika wimbo husika.
- Kusahau vizio: Hz, sekunde, desibeli.

Maswali ya marudio

1. Taja hatua sita za kuchanganya kwa mpangilio. (alama 6)
2. Kwa nini metronomu ya jazi huwekwa ligonge pigo la 2 na la 4? (alama 2)
3. Wimbo wenye vipimo 96 vya mapigo 4 unapigwa kwa mwendo wa mapigo 160 kwa dakika. Tafuta muda wake. (alama 3)
4. Asha amerekodi saksafoni na ngoma pamoja, maikrofoni zikiwa sm 50 tu kutoka moja hadi nyingine. Katika mchanganyo saksafoni inasikika nyembamba. Eleza sababu, na pendekeza masuluhisho mawili. (alama 5)

Majibu

1. Ukubwa wa sauti, mahali, ikwalaiza, kompresa, mwangwi, ukaguzi.
2. Ili wapigaji wabebe swingi wenyewe badala ya kufuata mashine katika kila pigo.
3. 96 × 4 = 384; 384 ÷ 160 = dakika 2.4 = dakika 2 na sekunde 24.
4. Saksafoni inavuja kwa nguvu katika maikrofoni ya ngoma ikiwa imechelewa kidogo, hivyo baadhi ya masafa yanapunguzana (alama 3). Suluhisho: kuongeza umbali kwa kanuni ya tatu kwa moja na kurekodi upya, au, isipowezekana kurudia, kupunguza treki ya ngoma saksafoni inapopiga (alama 2). Atakayetaja ikwalaiza peke yake hapati alama ya suluhisho, kwa sababu haiondoi chanzo cha tatizo.