Kiambishi hu- na Sharti la -ki-

Tusome kifungu hiki kuhusu samoni wachanga wa mito ya Norwei:

"Mchana urefukapo, homoni ya ukuaji na kotisoli huongezeka mwilini mwa samoni. Akiba yake ya mafuta hupungua, na matamvua yake hupata nguvu ya kutoa chumvi. Akiingia baharini kabla ya mabadiliko hayo, chumvi humshinda."

Twaona kwamba hu- huonyesha jambo la kawaida na haihitaji kipatanishi cha ngeli: homoni huongezeka, akiba hupungua. Sharti hubebwa na -ki-. Mwanafunzi akiandika "chumvi humshinda" pekee, sarufi yake ni sahihi, bali habari ni ya uongo, kwani samoni aliyekomaa huishi baharini. Basi tusisahihishe umbo tukaiacha maana.