UPS Ikizima Baada ya Kubadili Pawasaplai, Azima Taa za Vifaranga

Nitaandika hatua za kufuata, ila kwanza nimtoe rohoni muuzaji mmoja wa Kariakoo.

Nilikuwa nimeng'oa pawasaplai ya wati 500, ile isiyo na jina inayokuja pamoja na kava, nikafunga ya wati 750 yenye nembo ya 80 PLUS, kwa sababu kadi mpya ya grafiki ninayohariria video za harusi ilitaka umeme zaidi. Mambo shwari, mpaka siku umeme ulipokatika nikiwa katikati ya kutoa video ya send-off. UPS ikapiga mlio mmoja mrefu, taa ya kuzidiwa mzigo ikawaka, kompyuta chali. Nikaenda kwa muuzaji. Hakuuliza hata mashine inakula wati ngapi. "Kaka, 750 kwenye UPS ya 550? Haibebi hiyo. Chukua hii ya 2000." Kwa bei aliyonitajia, ningepata pikipiki iliyochoka choka.

Hizo 2000 zenyewe ni VA, si wati. UPS yangu nayo imeandikwa 1100 kwa herufi kubwa za kuvutia wateja, na wati 550 kwa herufi za kusomea miwani. Halafu 750 ya pawasaplai ni kiasi inachoweza kutoa ikibanwa, si kiasi inachokula muda wote. Mita ya kuchomeka kwenye soketi iliniambia: kompyuta ikitulia haifiki wati 90, ikitoa video inazunguka kwenye 310. Sasa mzigo uliozidi uko wapi?

Basi, hatua. Ya kwanza: printa ya leza isikae kwenye UPS. Ya pili: pima, usikisie. Kama mita inasoma karibu na kikomo cha wati, umezidiwa kweli. Punguza vifaa au ipunguzie kadi ya grafiki kikomo cha umeme kwenye programu yake. Ya tatu, kuijaribu betri ya UPS kwa mzigo usio kompyuta, ndiyo iliyoniokoa, na inahitaji jirani mfugaji.

Unahitaji balbu za zamani, zile za uzi unaowaka na kuunguza mkono. Madukani siku hizi ni LED tupu, na LED za wati 9 hazijaribu kitu. Jirani yangu anafuga kuku, na vifaranga wake huoteshwa joto na balbu za wati 100. Nilimsubiri mama huyo awahamishie vifaranga wakubwa bandani, nikaazima tatu na holda zake. Aliniuliza mara mbili kama kweli naenda kutengenezea kompyuta.

Zichomeke kwenye ekstensheni, ekstensheni kwenye UPS, kompyuta ikae pembeni. Washa moja moja, kwa sababu uzi ukiwa baridi hunyonya umeme kama mara kumi ya kawaida kwa kufumba na kufumbua. Zote zikishawaka, chomoa plagi ya UPS ukutani. Zangu zilipepesa kidogo, zikaendelea kuwaka. Wati 300, UPS haikulalamika, na betri ikawa imejisafisha na tuhuma. Nikaondoa balbu, nikarudisha kompyuta ikiwa imetulia, haina kazi yoyote, nikachomoa plagi tena. Mlio mrefu. Ikazima. UPS iliyobeba 300 inaangushwa na 90! Nilicheka peke yangu sebuleni.

Kinachogombana hapo ni umbo la wimbi la umeme. UPS za bei nafuu zikihamia kwenye betri hutoa wimbi la ngazi-ngazi. Pawasaplai zenye 80 PLUS karibu zote zina sakiti ya kurekebisha namna zinavyovuta umeme, na sakiti hiyo inategemea wimbi laini kama la ukutani. Ikipewa ngazi, tena baada ya kukosa umeme kwa milisekunde chache za kuhama, hukurupuka na kuvuta kwa mshtuo. UPS inausoma mshtuo huo kama mzigo uliozidi. Pawasaplai yangu ya zamani haikuwa na sakiti hiyo, ndiyo maana ilielewana na UPS. Balbu haijali umbo la wimbi, yenyewe inataka joto tu. Na ile ya 2000 ya muuzaji? Nilisoma boksi lake: wimbi lilelile la ngazi.

Nikatafuta UPS ya mtumba ya APC, aina ya Smart-UPS inayotoa wimbi la sine hata ikiwa kwenye betri. Ni nzito, feni yake ina kelele, lakini mimi hizi za mtumba nazipenda kuliko mpya nyingi za plastiki. Betri zilikuwa zimekufa; nikaweka mbili mpya za volti 12, bado nikabaki na chenji. CyberPower nao wana mtindo waliouita PFC Sinewave kwa ajili ya pawasaplai za namna hii. Ukiona boksi limeandikwa sine lakini limetanguliza neno "simulated", lirudishe rafuni.

UPS ya zamani inabeba rauta na monita. Balbu nimezirudisha, na mama ameniomba nimtafutie UPS ya vifaranga. Hiyo hesabu ni nyingine kabisa: balbu tatu zinamaliza betri ya namna ile ndani ya dakika chache.