Askari wa Wanyamapori wa Kijiji Akirudi Kutoka Mafunzoni
Kijitabu kwa viongozi na wananchi wa Handeni na Korogwe

Kijitabu hiki ni cha mwenyekiti, mtendaji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na kila mwananchi anayehudhuria mkutano mkuu. Askari mwenyewe atafundishwa huko aendako. Shida kubwa ipo nyumbani. Kijana anapelekwa kozi, anarudi na cheti, cheti kinatundikwa ukutani, kisha siku tembo wakiingia mashambani anaitwa yule yule wa zamani mwenye debe na mbwa wake.

Kwa nini huku kwetu

Kaskazini ya Korogwe iko Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa 2008. Imeungana na Tsavo ya Kenya, na tembo hawaulizi mpaka wa nchi, sembuse wa kata. Mpunga na mahindi ya bonde la Mkomazi yakikaribia kukomaa, harufu yake inawafikia. Mashariki ya Handeni, kuelekea baharini, iko Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005. Korogwe ina sehemu pia ya msitu wa Amani, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Handeni nayo ina mapori yanayoliwa na mkaa, na magunia yake kila msafiri wa barabara ya Chalinze kwenda Segera ameyaona.

Askari wa TANAPA, TAWA na TFS hawawezi kulala kila kijiji. Simu ya saa nane usiku itampata kwanza mtu wa kitongojini.

Nani apelekwe

Tusimungunye maneno: mara nyingi nafasi ya kozi humwangukia mpwa wa kiongozi. Akimaliza, anapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta ulinzi wa kampuni, na kijiji kinabaki pale pale. Chagueni mwenye shamba na familia kijijini, anayejua kusoma na kuandika, na ambaye wenzake humsikiliza bila yeye kupaza sauti. Mwindaji wa zamani aliyeacha asibaguliwe, maana kusoma nyayo anakujua kuliko mkufunzi. Wanawake nao wapelekwe. Wao ndio wanaokwenda kuni na maji, na huwahi kuona mtego wa waya au tanuri jipya la mkaa kabla ya doria yoyote. Majina yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, si ofisini jioni.

Aende wapi

Kwa askari wa vijiji, kituo mahususi ni Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, Ruvuma. Anayetaka kuifanya kazi hii kuwa ajira kamili atazame Pasiansi, Mwanza, chuo kilichoanza 1966. Chuo cha Mweka, Moshi, cha mwaka 1963, hutoa zaidi maofisa na mameneja. Kwa upande wa misitu kuna Olmotonyi, Arusha, kilichoanzishwa 1937. Ruvuma ni mbali na nauli si ndogo, kwa hiyo kijiji kisichomudu kimwombe afisa wanyamapori wa wilaya (wazee bado wanamwita bwana nyama) alete mafunzo ya siku chache hapa hapa, pamoja na wenzake wa hifadhi iliyo jirani.

Arudi anajua nini

Bunduki ndiyo inayoulizwa kwanza na ndiyo inayotumika kwa nadra. Somo gumu zaidi ni umati. Tembo wanne wakikutwa shambani alfajiri, kijiji kizima hutoka: watoto mbele, vijana wameshika simu wanarekodi, mtu mmoja tayari ana mawe mkononi. Hapo ndipo watu hufa. Askari aliyefundishwa huanza na watu. Anawarudisha nyuma, anaufungua upande ambao tembo walikuja nao, na anahakikisha hakuna aliyesimama kati ya jike na ndama wake. Tembo asiyeona njia ya kutokea hugeuka.

Usiku kuna hatua zake. Kwanza tochi yenye mwanga mkali, kisha honi. Wakikaidi, bomu la pilipili: unga wa pilipili na mchanga, pamoja na fataki, hufungwa ndani ya kondomu na kurushwa karibu nao. Watu hucheka wakisikia hilo, lakini vijiji vya upande wa Kilimanjaro Magharibi vimelitumia na tembo wameondoka. Sharti lake ni upepo. Chota vumbi, liachie, utazame linakokwenda. Likikurudia usoni, usirushe, zunguka kwanza. Na asitoke mtu peke yake.

Kukicha, kazi ya pili ni futi kamba. Unyayo wa mbele wa tembo ni mviringo, wa nyuma umerefuka kidogo. Pima mzingo wa ule wa mbele, zidisha kwa mbili, utakaribia kimo chake begani. Kwa njia hiyo askari hutambua kama dume lile lile ndilo linalorudi kila wiki.

Daftari

Vipimo hivyo viingie daftarini siku hiyo hiyo: tarehe, saa, kitongoji, jina la mwenye shamba, zao, ukubwa wa eneo lililoliwa, mnyama gani na wangapi. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za 2011 zinahusu wanyama waliotajwa kwenye orodha. Aliyeandika tu “wanyama wamekula mahindi” amemfungia mkulima mlango kwa mkono wake. Afisa wa wilaya aitwe kuhakiki mapema, kabla ng'ombe hawajaingia kumalizia mabua na kuvuruga nyayo. Kwa mtego wa waya, piga picha na andika mahali ulipo kabla ya kuung'oa.

Jumuiya za uhifadhi za Namibia zimetumia daftari la matukio la aina hii kwa miaka mingi, na wanavijiji wenyewe ndio wanaolijaza.

Mipaka na posho

Askari hana mamlaka ya kupiga, kutoza faini njiani wala kugawa nyama iliyokamatwa. Mtuhumiwa apelekwe polisi bila kuchelewa, na vielelezo vyote. Kazi zake ziandikwe katika sheria ndogo za kijiji, zipitishwe na halmashauri ya wilaya.

Posho iwekwe kwenye bajeti, hata ikiwa ndogo. Askari asiyelipwa chochote mwaka mzima atalipwa na mchoma mkaa. Kijiji chenye msitu wake wa hifadhi chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 kinaweza kutenga sehemu ya ada na faini za msitu huo kwa viatu, betri na vocha.

Kila miezi mitatu, mkutano mkuu unapokaa, daftari lisomwe mbele ya wananchi baada ya taarifa ya mapato na matumizi. Likiwa tupu na mashamba yameliwa, aulizwe askari, kisha aulizwe mtendaji kama alimpa simu, tochi na daftari lenyewe. Majibu hayo yapatikane kabla ya kupendekeza jina jingine la kwenda kozi.