Mjomba, Usimwage Zege Kwanza!

Wanafunzi wenzangu, mimi niko Birmingham. Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu kutoka Iringa. Injini ya mashine yake ya kusaga inatikisa banda zima, ukuta umepasuka, na jirani kashatishia kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Fundi kasema dawa ni kuongeza zege juu ya msingi. "Mjomba, wewe si unasomea uhandisi? Tuma basi hela ya saruji."

Nikamwomba asubiri kidogo. Sababu yake ndiyo somo letu la leo.

Msingi uliokaa kwenye udongo una mwendo wake wa asili wa kutikisika, kama bembea. Ukisukuma bembea kwa kufuata mwendo wake, hata mtoto ataipeleka juu. Injini nayo husukuma msingi kila inapozunguka. Misukumo ikilingana na mwendo wa asili wa msingi, mtikisiko unazidi mno.

Tupige hesabu. Injini inayozunguka mara 650 kwa dakika, gawa kwa 60, inasukuma mara 10.8 kwa sekunde, yaani hezi 10.8. Tuseme mashine na msingi wake ni tani 3, na mwendo wa asili ni hezi 15. Hapo vimepishana vizuri. Sasa ongeza zege hadi tani 6 bila kupanua kitako. Ugumu wa udongo ni uleule, uzito ni mara 2. Gawa 15 kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41, unapata hezi 10.6. Jamani! Umetoa hela yako kuupeleka msingi palepale injini ilipo.

Ukuta je? Mlioko hapa mjini, nendeni makumbusho ya Thinktank mkaone Smethwick Engine, injini ya mvuke ya Boulton na Watt ya mwaka 1779. Injini za namna ile, boriti yake ilibebwa na ukuta mnene wa jengo, nazo zilikwenda polepole. Dizeli ya kusagia inakwenda mbio. Usiifunge na ukuta.

Nikamhoji mjomba. Kumbe msingi umeshikana na sakafu na ukuta, na boliti mbili zimelegea! Akakaza boliti, akakata sakafu kuuzunguka msingi, akaacha mwanya. Jumapili akapiga tena: ufa bado upo, ila vikombe havitembei tena mezani.

Basi kumbukeni haya. Kwa mashine ya pistoni, wahandisi wengi huanza na msingi wenye uzito wa mara 5 ya mashine. Ya kuzunguka tu, mara 3. Huo ni mwanzo tu. Hakikisha hezi zimepishana kwa angalau asilimia 20 hadi 30. Ukitaka msingi mgumu zaidi, panua kitako kuliko kurefusha kimo. Na kabla ya kutuma pauni nyumbani, uliza kwanza habari za boliti.